Mlinzi wa Pango na Chokaa Yangu

Mgeni hakuruhusiwa kuingia pangoni moja kwa moja. Mlinzi alimketisha kwanza juu ya mwamba ulio nje, pale jua linapopiga bila huruma, awe mwalimu, mchungaji au mzungu mwenye kamera. Akamwacha hapo kimya mpaka jasho limtoke. Kisha akamwuliza, "Sasa unatamani nini?" Mgeni akajibu kivuli, au maji. "Basi," akasema Mlinzi, "umeshajua kwa nini watu walikaa hapa. Inuka uingie."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yake kuhusu jinsi watu wa kale walivyochagua makao. Mimi nilifika kidato cha nne, na tangu siku zile nimesoma vijitabu viwili vitatu vya mambo ya kale. Sijaona aliyeeleza vizuri zaidi.

Namwita Mlinzi kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote. Jina alikuwa nalo, na watoto wake wanalo mpaka leo. Mimi nililiandika mara moja katika barua, kwa ubaya, na sioni kama nina haki ya kuliandika tena.

Pango liko kwenye kilima cha mawe, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu Matinyani. Miaka ya sitini wataalamu walikuja wakachimba misimu mitatu. Yeye alikuwa mmoja wa vibarua waliobeba udongo kwa karai na kuuchekecha. Wataalamu walipoondoka walichukua mifupa na vitu vichache, lakini uwanja ulio mbele ya pango waliuacha kama walivyoufunua: mashoka ya mawe, mawe ya kusagia, mafiga, majivu, na vibanzi vya mawe vilivyotapakaa kama maganda ya kunde. Kila kitu kililala palepale kilipoachwa na watu waliokitumia. Kando ya kila jiwe palipigwa msumari wenye namba. Wakajenga paa la mabati juu ya nguzo, wakatandika njia ya mbao ili wageni wasikanyage chochote, wakaweka ua na lango, wakampa yeye ufunguo na kofia. Makumbusho yetu yalikuwa hayo. Hayakuwa na kuta wala makabati ya vioo.

Waliokufa aliwaita "wenyewe." "Wenyewe hawapendi kelele," aliwaambia watoto wa shule. "Wenyewe walikula swara hapa. Mwaka huu wa majivu membamba, wenyewe walilala njaa." Alisema "mwaka huu" kama mtu anayezungumzia mavuno ya jirani. Hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini aliweza kukusomea tabaka za majivu kwenye ukuta wa shimo kama karani anavyosoma faili.

Kitu alichopenda kuonyesha kuliko vyote hakikuwa kitu. Upande wa kulia wa njia ya mbao palikuwa na vibanzi vingi vya jiwe jeusi lenye kung'aa kama kioo, vimeanguka kwa umbo la nusu duara, na katikati yake pakawa patupu, upana wa mtu aliyekaa. "Hapa alikaa mmoja," alisema, akielekeza kwa unyasi. "Magoti yake yalikuwa hapa na hapa. Alikuwa akichonga jiwe. Tazameni, vibanzi vimejaa upande huu kuliko ule, kwa hiyo alitumia mkono wa kushoto. Jiwe halikumridhisha, akalitupa kule, namba sitini na mbili. Kisha akaondoka." Watoto walipatazama pale patupu wakanyamaza. Nimeona mwanamke mzima, mwuguzi kutoka Mwingi, akifunga mdomo kwa leso mbele ya pale mahali pasipo na kitu.

"Jiwe likihama limekufa," alisema kila siku. Jiwe lilikuwa na thamani kwa sababu ya mahali lilipo na majirani zake. Ukiliokota, umebaki na kokoto mkononi. Niliyasikia maneno hayo mara nyingi sana, labda mara mia. Nataka hilo lieleweke kabla sijafika mbele, kwa sababu baadaye nilijifanya sikuyasikia.

Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, mwimba besi, mtu wa kufunga na kuomba. Wengi hawakuelewa mtu anaombaje Mungu na huku anafagia mbele ya watu wa pangoni. Mchungaji wetu alipenda kumchokoza baada ya ibada.

"Mlinzi, hao watu wako walikuwako kabla ya Adamu au baada yake?"

"Mchungaji, sikuajiriwa nijue waliumbwa lini. Niliajiriwa nihakikishe hawaibiwi."

"Na siku ya ufufuo?"

"Wakifufuka watanikuta langoni. Na vitu vyao watavikuta walipoviacha."

Watu walicheka, mchungaji akacheka kuliko wote. Sidhani Mlinzi alikuwa akitania.

Asije mtu akafikiri alikuwa mpole. Alikuwa mkali, tena mkali wa kuudhi. Siku moja lori lilileta wanafunzi kutoka mjini Kitui. Walipomaliza kuzunguka, alitupa jicho uwanjani, akaenda langoni akafunga kufuli. "Kibanzi kimoja hakipo," akasema. Watoto wakaketi. Saa nzima ikapita. Dereva akapiga honi, mwalimu mkuu akapaza sauti kwamba atamshtaki, watoto wadogo wakaanza kulia kwa njaa. Mlinzi akamwendea yule mwalimu mkuu taratibu. "Mwalimu, toa tu. Watoto wana njaa." Mwalimu akatoa kibanzi kutoka kwenye leso ya mfukoni. Alitaka kukiweka darasani.

Nilimwuliza alijuaje. "Watoto wote walikuwa wananitazama mimi," akasema. "Yeye alikuwa anatazama lori."

Kisha akapiga magoti juu ya gunia na kukirudisha kile kibanzi. Hapo ndipo nilipoiona kazi yake kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kamba za katani zenye mafundo, nyingi, amezitundika kwenye nguzo. Kila kamba ilikuwa umbali kutoka msumari hadi jiwe, na kutoka jiwe hadi jiwe la pili. Fundo moja lilikuwa na maana yake, mafundo mawili yana maana yake. Hakuna aliyemfundisha. Aliniambia aliona wazungu wakipima kwa utepe wakaenda nao, naye akaogopa kubaki bila kipimo.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Yule aliyeweza kuzungumza mchana kutwa juu ya mtu wa mkono wa kushoto alikaa jioni nzima bila kusema neno. Mke wake alikuwa kinyume chake kabisa, mwenye sauti na vicheko, kiongozi wa nyimbo katika mwethya, kikundi cha kina mama wanaolimiana mashamba na kuchimba matuta pamoja. "Jamani," alituambia, "nimeolewa na mtu anayejua jiwe la marehemu liko wapi, lakini hajui kiberiti chake kiko wapi." Mlinzi alicheka kwa pua tu. Lakini nilipata kumwona akimtazama alipokuwa akiimba, na nikaona wivu. Mke wangu mimi hakuna aliyemtazama hivyo, hata mimi mwenyewe.

Wivu wangu haukuishia hapo. Nilikuwa karani wa chifu. Barua zote zilizohusu pango zilipita mikononi mwangu, kwa sababu wakubwa wa Nairobi waliandika kwa ofisi ya chifu, nami ndiye nilimsomea Mlinzi na kumjibia. Mimi ndiye niliyekuwa na cheti. Lakini wageni walipofika walimpa mkono yeye. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo alidhani mimi ni msaidizi wake, akaniomba nimbebee mfuko. Niliubeba. Mlinzi hakuona, au aliona akanyamaza. Vyovyote vile sikumsamehe, na yeye hakuwa amenikosea.

Chifu naye alikuwa na lake. Mwaka mmoja wa ukame alitaka mbuzi wake wapumzike chini ya paa la makumbusho, maana miti yote ilikuwa imepukutika. Mlinzi akakataa.

"Unalinda majivu na mbuzi wangu wanakufa?"

"Chifu, mbuzi ni wako. Majivu si yako, na si yangu."

Chifu aliondoka. Alikuwa mtu wa kungoja.

Basi miaka ya sabini ikielekea mwisho, shemeji yake Mlinzi, mume wa dada yake, alifariki huko Mwingi. Mlinzi alikuja ofisini asubuhi akiwa amevaa koti la kanisani. Mke wake angebaki na watoto na mifugo, yeye angeenda kuzika. Aliniwekea ufunguo wa lango mezani.

"Karani, naomba siku nne. Niandikie ruhusa."

"Wewe nenda, Mlinzi. Kwani mimi na wewe ni watu wa kuandikiana?"

Alisimama kidogo, kama mtu anayetafuta neno. Kisha akasema, "Usifungue kwa mtu yeyote." Akaenda zake.

Kesho yake ikaja habari kwamba mgeni mkubwa wa serikali anapita Kitui, na kwamba ameomba kuonyeshwa pango. Atafika baada ya siku mbili. Chifu alinichukua tukaenda kukagua. Alisimama langoni, mikono nyuma.

"Karani, unaona nini?"

"Makumbusho, bwana chifu."

"Mimi naona shamba la mtu aliyehama. Mawe yametupwa ovyo, misumari imetapakaa, nyasi. Mgeni atasema sisi watu wa hapa hatuna mikono? Nenda ofisini kwangu, utakuta njia ina mawe meupe pande zote mbili. Nenda shule, mawe meupe. Zahanati, mawe meupe. Hapa je?"

Kila mtu wa nchi yetu wa siku hizo anajua jambo hilo. Mahali pa serikali palijulikana kwa mawe yaliyopangwa kando ya njia na kupakwa chokaa. Mgeni akija, kazi ya kwanza ilikuwa kufagia, na ya pili ilikuwa chokaa. Bila hivyo tulijiona tuko uchi.

Ningeweza kusema, "Bwana chifu, haya mawe hayaguswi." Nilikuwa nayajua maneno hayo kwa moyo. Nilisema, "Nitawaita mwethya."

Walikuja asubuhi, kina mama kama thelathini, na vyondo, mifagio na ndoo mbili za chokaa kutoka shuleni. Niliwafungulia lango mwenyewe. Mke wa Mlinzi alikuwa mbele yao. Alisimama kwenye mbao, hakushuka.

"Karani, haya si ndiyo mawe ya mzee? Si alisema yasiguswe?"

Wale wengine wakasimama nyuma yake. Kama ningeitikia kwa kichwa tu wangerudi nyumbani wakiimba.

"Mwaitu," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima, "mgeni akikuta uchafu, atakayeaibika ni mume wako. Atasema huyu mlinzi anafanya nini siku zote? Tumsaidie kabla hajarudi."

Akafikiri. Kisha akakaza leso kiunoni, akashuka, akaokota jiwe la kwanza na kulitia kiondoni. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea, akaanzisha wimbo.

Walifanya kazi vizuri sana. Ndiyo uchungu wake. Walifagia uwanja mpaka ukawa kama ua wa bibi harusi. Waling'oa misumari ili mgeni asichomwe mguu, wakanipa niiweke kwenye kopo. Mashoka ya mawe waliyapanga kwa ukubwa kando ya njia, kutoka langoni hadi mdomo wa pango, na mawe ya kusagia yakakaa kila baada ya hatua kumi kama wazee barazani. Vibanzi vilikuwa vidogo mno, vikafagiwa pamoja na majivu na kumwagwa korongoni. Pale patupu pa yule mtu wa mkono wa kushoto palipotea, kwa sababu sasa kila mahali palikuwa patupu. Kisha wakapaka chokaa. Kufika saa nane njia ilikuwa nyeupe inayoumiza macho, nami nilisimama pale nikaona, Mungu anisamehe, kwamba imependeza.

Mgeni alikaa muda mfupi. Alisema mahali ni pasafi sana, akampongeza chifu. Katika msafara wake alikuwamo mtaalamu mmoja wa mambo ya kale. Alivua kofia, akatembea juu ya mbao hadi mwisho akarudi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yako wapi?" Nikamwonyesha kando ya njia.

Mlinzi alirudi jioni ya siku ya nne. Sikuwapo alipofika, na waliokuwapo walisema hakulia wala hakupiga kelele. Alikwenda kukaa juu ya ule mwamba wa wageni. Asubuhi alikuja kwangu, akasema neno moja, "Misumari." Nikampa kopo. Hakuniuliza kitu, na mimi mjinga nikashukuru kwamba hakuniuliza.

Kwa siku nane alikwangua chokaa kwa maji na magunzi ya mahindi. Alipiga misumari upya, akashusha kamba zake za mafundo, akayarudisha mawe moja baada ya moja, akitambaa juu ya gunia lake. Alishuka korongoni akachekecha majivu kama alivyofanya alipokuwa kibarua, akatoa vibanzi vilivyokuwamo. Niliwahi kupita nikamwona amekaa na kibanzi kiganjani, akikigeuza, akikitazama pande zote. Alikuwa hakumbuki. Ni mara pekee niliyomwona akiwa na hofu.

Yule mtaalamu alirudi kutazama. Alimsikiliza kwa heshima, akazishika zile kamba, akapima mwenyewe mahali fulani. Mwisho akasema, nami ndiye niliyekuwa mkalimani, hivyo maneno hayo yalitoka kinywani mwangu: "Huenda umeweka sawa, mzee. Lakini kumbukumbu ya mtu si ushahidi. Hatutajua tena." Mlinzi akajibu, "Mimi najua." Mtaalamu akanitazama nitafsiri. Nikatafsiri. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaingia kwenye gari.

Ikaja barua kutoka Nairobi ya kuuliza nani aliyefungua lango, na Mlinzi alikuwa wapi. Chifu alinisogezea karatasi. "Andika," akasema, wala hakuniambia niandike nini. Sitamtupia yeye lawama. Niliandika mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kwamba mlinzi aliyetajwa hapa, na nikaliandika jina lake lote, aliacha kazi bila ruhusa kwa siku nne, na katika muda huo watu wasiojulikana wakaingia. Nilisoma mara mbili kuhakikisha hakuna kosa.

Alifukuzwa kazi. Kabla ya hapo chifu aliitisha baraza ili mambo yaonekane yamefanywa wazi. Watu walishaanza kusema kwamba Mlinzi alikuwa amelewa huko Mwingi, yeye ambaye hata togwa isiyolevya alikuwa akiinusa kwanza. Chifu akamwuliza mbele ya wote, "Mzee, una neno?"

Mlinzi alisimama. Alinitazama mimi kidogo tu. Kisha aliwatazama kina mama walioketi upande wa pili, na mke wake kati yao, leso imefunika mdomo. Akawatazama kwa muda mrefu.

"Sina," akasema, akaketi.

Nilidhani ameogopa kwa sababu hakuwa na karatasi ya ruhusa. Nililala vizuri kwa dhana hiyo kwa miaka.

Walihamia Makueni, kwenye msitu waliokuwa wakiugawana watu wakati ule, ng'ambo ya Sultan Hamud. Paa la pangoni lilikaa miaka michache, kisha mabati yakaondoka moja moja. Mbuzi wa chifu walipata kivuli chao mpaka mabati yalipokwisha.

Mimi niliendelea kuwa karani, nikastaafu. Chifu alikufa akazikwa kwa hotuba nyingi, na moja niliiandika mimi. Katika miaka ya tisini, baada ya mke wangu kuondoka duniani, nilianza kuokoka kwa namna ya wazee, yaani niliogopa. Mhubiri mmoja alisema kosa lisilokiriwa ni kama mwiba, halitoki bila kuguswa. Nikapanda gari hadi Sultan Hamud, nikauliza madukani, nikaonyeshwa njia, nikatembea.

Nilimkuta chini ya kipenu cha nyumba, amekaa kwenye kiti cha kamba. Miguu ilikuwa imekwisha. Sauti ilikuwa ileile.

"Karani. Umezeeka."

"Nawe pia, Mlinzi."

"Mimi nilianza mapema."

Aliniambia mke wake amefariki miaka mitatu iliyopita, amezikwa pale nyuma ya ghala. Watoto wa kiume wako mbali. Anaishi na binti yake, mwalimu wa chekechea. Tukazungumza mvua. Mwisho nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Wa nini?"

"Wa barua. Na chokaa."

"Hilo lilikwisha."

"Hatujawahi kulizungumza."

"Si kila jambo huisha kwa kuzungumzwa, Karani."

"Lakini watoto wako wanaamini uliacha kazi. Wanaamini ulilewa. Nataka wajue ukweli, niwaambie kwa mdomo wangu."

"Utakunywa chai," akasema. Nilidhani ananikaribisha tu.

Binti yake akatoka na chupa ya chai na vikombe, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye uso mzuri uliochoka. Akanisalimu kwa adabu. Nikamwambia, "Mwalimu, keti. Nina neno juu ya baba yako."

"Karani," akasema Mlinzi.

Sikunyamaza. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale kutoka Matinyani, nikayatoa yote: ruhusa niliyotoa kwa mdomo, ufunguo niliopewa, mwethya niliowaita, barua. Binti alisikiliza bila kupepesa macho. Nilimwona akimgeukia baba yake, na uso wake ukafunguka, nikafurahi, nikaona nimefanya jema moja. Na kwa furaha ile nikaongeza, ili nimpe na mama yake sehemu ya heshima: "Na katika wale wote, mama yako peke yake ndiye aliyeuliza. Akaniambia, haya si ndiyo mawe ya mzee?"

Binti akaweka chupa chini.

"Aliuliza akiwa wapi?"

"Palepale. Pangoni."

"Na wewe ukamjibu. Kisha akafanya nini?"

Nikamtazama Mlinzi. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mzee, nakuuliza. Mama akafanya nini?"

"Alifanya alivyoambiwa," akasema Mlinzi. "Walifanya wote."

"Aliyabeba."

Binti akamgeukia baba yake.

"Kila tulipotaja lile pango," akasema binti, na sasa hakuwa akizungumza nami, "mama aliinuka akatoka nje. Tangu niko mdogo. Nilidhani anaona haya kwa sababu yako, baba. Nikaona haya pamoja naye. Nilikukataza kuja shuleni siku ya wazazi. Nilisema mbele ya mama, nikasema wasije wakauliza yule mlevi ni nani. Naye alikuwa anachambua kunde. Aliendelea kuchambua."

"Mama yenu alikuwa mtu mwema."

"Wewe ulijua?"

"Aliniambia usiku ule niliorudi."

"Ukanyamaza? Barazani ukanyamaza?"

"Ningetaja aliyefungua, wangetajwa walioingia. Wangeitwa mmoja mmoja." Akapumua. "Nimpeleke mke wangu mbele ya chifu kwa ajili ya mawe?"

Huyu ndiye mtu aliyefungia watoto wenye njaa kwa ajili ya kibanzi kimoja. Miaka ishirini nilikuwa nimedhani ananiogopa mimi.

Binti aliinuka. Hakulia. Alizunguka nyumba, akaenda nyuma ya ghala, na kutoka pale tulipokaa tuliona mgongo wake, amesimama mbele ya kaburi, mikono imeanguka.

"Mama yake ndiye aliyekuwa fahari yake," akasema Mlinzi. "Mimi nilishazoea kuonewa haya." Kisha akajaribu kuinuka na kushindwa. Akaninyooshea mkono. "Nisimamishe."

Nikamsimamisha. Alikuwa mwepesi. Nikamshika kiwiko, tukaenda hatua kwa hatua, tukapita ghala. Binti alisikia miguu yetu, akasema bila kugeuka:

"Baba, usimlete huyo hapa."

Mlinzi akasimama. Alitoa kiwiko chake mkononi mwangu polepole, akaenda peke yake zile hatua zilizobaki, akishika hewa kwa vidole. Mimi nilibaki nimesimama nikimtazama, nikiomba ayumbe kidogo tu, nipate jambo la kumfanyia.

Hakuyumba.